UZI: Wanachuo tunaowaacha nje wakiwa wamekaa ndani ya darasa

Ndugu wanajamvi, salaam.

Uzi huu ninauelekeza kwa wakufunzi wa vyuo vya kati na wahadhiri wa vyuo vikuu, ingawa wanachuo nao wakaribie, kwa kuwa wao ndio wanaotuona tukifundisha. Ninafundisha takwimu katika chuo kimoja hapa Tanzania, darasa la watu mia moja na ushee, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kazini. Jambo ninalotaka tulijadili ni kwamba mengi yanayomzuia mwanachuo kujifunza yanatokana na mazoea yetu madogo madogo ya ufundishaji, na sehemu kubwa ya mazoea hayo tunaweza kuibadilisha sisi wenyewe hata kabla bajeti ya chuo haijapitishwa.

Nianze na tukio lililonifungua macho. Miaka michache iliyopita nilipata mwanachuo asiyeona. Alikuwa na kompyuta mpakato yenye NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, ambayo ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Nilimtumia madesa yangu kama nilivyowatumia wenzake, faili moja la PDF lenye kurasa 62, nikaona nimetimiza wajibu. Wiki ya tatu alikuja ofisini, akaiweka kompyuta juu ya meza yangu na kulifungua faili lile nikiwa nasikiliza. Sauti ikatamka jina la faili, kisha ikatangaza kwamba ukurasa ni mtupu. Akaenda ukurasa wa pili: mtupu. Wa tatu: mtupu. Madesa yale yalikuwa kurasa za vitabu nilizozipiga skana steshenari, na kwa kompyuta kila ukurasa ulikuwa picha tu, hauna hata herufi moja ya kusomwa. Hakunilaumu. Aliniambia kwa upole, "Mwalimu, wiki zote hizi nilidhani tatizo ni la mashine yangu."

Kauli ile inaniuma hadi leo. Kijana amekaa wiki mbili akihangaika na kifaa kizima, na mwenye kosa ni mimi niliyesimama mbele yake kila Jumanne na Alhamisi.

Nilianza kuyaandika upya madesa kwa kuyachapa. Vichwa vya habari niliviweka kwa kutumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya programu ya kuandikia, badala ya kukoleza wino tu, maana NVDA humwezesha msomaji kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine ikiwa vichwa vimewekwa hivyo; vikikolezwa tu, kwa masikio yake ni aya kama aya nyingine. Kila mchoro niliuandikia sentensi mbili au tatu zinazoeleza unachoonyesha. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba darasa zima lilifurahi. Faili la skana lilikuwa zito, likimaliza bando la wanachuo wengi wanaosomea kwenye simu, na kwenye kioo kidogo cha simu ilibidi wavute picha kulia na kushoto kwa kila mstari. Faili lililochapwa lilikuwa jepesi, herufi zikakua kadiri mtu alivyotaka, na neno likatafutwa kwa sekunde moja. Mwanachuo mwenye ualbino, ambaye muhula mzima wa kwanza alikuwa akiazima daftari la rafiki yake baada ya kipindi, alianza kusoma na wenzake kwa wakati mmoja.

Ninasisitiza kwamba hii si hisani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya elimu na mafunzo katika mazingira jumuishi, na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania na Kenya zote zimejiunga nao, unaruhusu vitabu vilivyochapishwa kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki, ilimradi masharti ya mkataba yafuatwe. Kwa hiyo mkutubi anayesema "hakimiliki hairuhusu" aelekezwe huko kwa heshima.

Ulemavu ni sehemu moja tu ya jambo hili. Kundi kubwa zaidi tunaloliacha nje ni la lugha, na hapa sote tunajua hali ilivyo. Kijana amesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta kila kitu ni Kiingereza, akavuka kwa kukariri, na sasa yuko mbele yako chuoni ukimtaka ajenge hoja. Akinyamaza tunasema hajajiandaa.

Siku moja nilikuwa nafundisha tofauti ya wastani na thamani ya katikati (ile inayokaa katikati namba zikipangwa kuanzia ndogo hadi kubwa). Nilitoa mfano wa duka lenye wafanyakazi tisa wanaolipwa shilingi 200,000 kila mmoja, na mwenye duka anayejilipa shilingi 5,000,000. Wastani wa watu hao kumi ni shilingi 680,000. Nikauliza kwa Kiingereza kuna tatizo gani na namba hiyo. Kimya. Nikauliza tena, mkono wa mtu yuleyule wa mbele ukapanda, na kwa kawaida ningemchagua niendelee. Siku hiyo nikawaambia wageukiane wawili wawili, wazungumze kwa lugha yoyote waitakayo kwa dakika mbili, kisha kila jozi iandike sentensi moja kwa Kiingereza. Ukumbi ulichemka. Nikipita katikati ya viti nilimsikia binti mmoja wa safu ya nyuma, ambaye tangu muhula uanze sikuwahi kusikia sauti yake, akimwambia jirani yake: "Wastani huo haumwelezi mtu hata mmoja humo dukani." Hakuna kitabu nilichosoma kilichonieleza jambo hilo vizuri kuliko yeye. Uelewa alikuwa nao muda wote, na swali langu la sekunde moja kwa lugha ya tatu kwake lilikuwa halimpi nafasi ya kuutoa.

Nasema sekunde moja kwa sababu limepimwa. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alichunguza rekodi za vipindi vya sayansi, na katika maandishi yake ya miaka ya 1970 alionyesha kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri sekunde moja hivi kabla ya kumtaja mtu, kurudia swali au kujijibu mwenyewe. Walimu walipozoea kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kujitokeza. Ikiwa mwanafunzi anayejibu kwa lugha yake ya nyumbani anahitaji sekunde tatu, anayelazimika kutafsiri swali, kuwaza, kisha kulitafsiri jibu anahitaji ngapi? Mimi sasa nahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mwanzoni kimya kile kilikuwa kinanitesa.

Upande wa kushoto wa ubao huwa naacha safu ya maneno mapya ya siku hiyo, Kiingereza na Kiswahili bega kwa bega, na siifuti hadi kipindi kiishe. Vilevile nimetenga kipindi kizima cha wiki ya pili kwa ajili ya vitenzi vya mtihani tu: eleza, jadili, linganisha, tetea, kokotoa. Nilishangaa kuona ni wangapi walikuwa wakipoteza alama kwa kueleza pale walipotakiwa kujadili, na walikuwa wakijua somo lenyewe barabara. Tukiwapa pia nakala mbili za majibu ya miaka iliyopita, moja nzuri na moja dhaifu, bila majina, wakazisahihisha wenyewe kwa kutumia vigezo vyetu, wanaanza kuona kile ambacho waliosoma shule nzuri walishakiona zamani.

Kuna mambo mengine nitayapitia haraka. Matangazo ya kubadilisha kipindi yanayowekwa kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku huwaacha wasio na bando na wanaoishi mbali. Kazi za vikundi tukiziacha zijipange zenyewe, mwenyekiti huwa mvulana na katibu huwa msichana, muhula baada ya muhula. Nimeanza kuzungusha majukumu kila wiki na ninayaandika kwenye karatasi. Na dirisha lililo nyuma ya mwalimu, lenye jua la saa nne asubuhi, ni ukuta kwa mwanachuo mwenye ualbino, hata akikaa safu ya mbele. Pazia, au kuhamia ukuta wa pili, kunatosha.

Naomba mchango wenu, hasa kutoka kwa waliojaribu wakashindwa.

Mchangiaji wa kwanza:

Nakushukuru, mleta uzi, kwa kuandika kwa utulivu. Mimi ni mhadhiri, na somo langu la mwaka wa kwanza lina wanachuo zaidi ya 400 katika ukumbi uliojengwa kwa ajili ya watu 250. Wengine husimama mlangoni. Nina saa mbili kwa wiki na muhtasari wa somo ambao haumaliziki hata nikikimbia. Haya ya kuwageuza wawili wawili nayaona ni ya darasa la watu arobaini. Pia nina wasiwasi mkubwa zaidi: tusije tukalegeza kamba kwa jina la ujumuishi, tukatoa wahitimu wasiojua kitu, na mwajiri hatamsikiliza mtu akieleza kwamba alisomeshwa kwa huruma.

Mleta uzi:

Ndugu yangu, wasiwasi wako ni wa haki na nitaujibu wote.

Kuhusu wingi, mbinu ya kujadiliana na jirani ilipata umaarufu hasa kwenye kumbi kubwa. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliianza mwaka 1991 baada ya kubaini kwamba wanachuo wake waliweza kukokotoa maswali magumu huku dhana za msingi zikiwa zimewapita kando. Unaweka swali moja lenye majibu manne, kila mtu anachagua peke yake, kisha anajaribu kumshawishi jirani yake kwa hoja, halafu wanachagua tena. Vifaa vya kielektroniki si lazima. Mimi niliwaomba wanachuo wakate karatasi za manila za rangi nne, kila rangi herufi yake, nazo hukaa ndani ya daftari. Kadi zikipanda, ukiwa mbele unaiona picha ya ukumbi mzima kwa mara moja, na unaitamka kwa sauti ili asiyeona naye aijue: "Karibu nusu wamechagua B, wachache D." Zoezi zima halizidi dakika sita. Hata hivyo sitakuficha, nililazimika kuondoa sehemu ya mada moja ili nipate dakika hizo, na nilichagua sehemu ambayo wanaweza kuisoma wenyewe kwenye madesa.

Kuhusu faida yake, mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake huko Marekani walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni, wakaona kwamba waliofundishwa kwa mihadhara mitupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya walioshirikishwa. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2020 ulioongozwa na Elli Theobald ulionyesha pia kwamba pengo la alama za mtihani kati ya wanachuo wa makundi yaliyoachwa nyuma na wenzao lilipungua kwa asilimia 33. Pengo lilipungua pale ambapo sehemu kubwa ya kipindi ilitumika kwa kushirikisha, kwa hiyo swali moja linalotupwa mwishoni mwa mhadhara halitoshi.

Na kuhusu kulegeza kamba, nakuomba umtazame Uri Treisman, mwanahisabati wa Marekani. Alikuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970, akijiuliza kwa nini wanachuo weusi waliokuja na rekodi nzuri walikuwa wakianguka katika kalkulasi, somo la hisabati la mwaka wa kwanza. Watu walimpa majibu ya haraka kuhusu bidii na malezi. Yeye akaenda kuishi nao kwa karibu na kuwatazama wakisoma, akakuta wanasoma sana lakini kila mmoja peke yake, ilhali wenzao wenye asili ya China walikuwa wakimaliza kazi zao na kukaa pamoja kusahihishana. Alichofanya hakikuwa darasa la marudio. Aliunda vikundi na kuvipa maswali magumu kuliko ya darasani, na matokeo yakapanda sana. Kazi yake ndiyo inayonifanya niamini kwamba ujumuishi na ugumu wa somo vinakwenda pamoja. Anayepunguziwa somo kwa sababu ya huruma naye ameachwa nje.

Mchangiaji wa pili:

Mimi ni kiziwi, na nilihitimu stashahada katika chuo ambacho sitakitaja. Nilikuwa na mkalimani wa lugha ya alama kwa masomo manne kati ya saba, na nilijiona mwenye bahati. Nawaomba walimu wajue mambo machache ambayo mtu anayesikia si rahisi kuyawaza.

Mkalimani huwa nyuma ya mzungumzaji kwa sekunde kadhaa, kwa sababu ni lazima asikie maana kwanza ndipo aiweke kwenye alama. Mwalimu akiuliza swali na kumchagua wa kwanza kunyoosha mkono, mimi swali ndio kwanza linanifikia, na jibu tayari limeshatolewa. Miaka mitatu sikujibu swali hata moja darasani, na walimu waliandika kwamba sishiriki. Pili, nina macho mawili tu. Siwezi kumtazama mkalimani, nikatazama projekta na nikaandika kwa wakati mmoja. Mwalimu akionyesha jedwali, atulie kidogo tulitazame, ndipo aanze kulieleza. Tatu, taa zikizimwa ili projekta ionekane, mkalimani wangu hupotea gizani na kipindi changu huishia hapo.

La mwisho ni maneno ya kitaalamu. Mengi hayana alama iliyozoeleka, na mkalimani hakusomea biokemia. Mwalimu mmoja alikuwa akimpa mkalimani madesa siku moja kabla, wakakaa sote watatu kwa robo saa, tukakubaliana alama za maneno kumi ya kesho. Somo hilo ndilo nililopata A.

Mleta uzi:

Ndugu, nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Jambo la taa sikuwahi kuliwaza kabisa, na la sekunde za mkalimani limenipa sababu nyingine ya kuhesabu hadi kumi. Ningependa kila idara ipokee maelezo yako muhula unapoanza.

Mchangiaji wa tatu:

Mwalimu, naomba kuuliza mawili. Tunawajuaje wenye mahitaji ambayo hayaonekani, kama kifafa, kigugumizi au wasiosikia vizuri sikio moja? Wengi hawasemi. Na mitihani inakuwaje, maana darasani unaweza kujitahidi lakini alama 60 kati ya 100 ziko kwenye mtihani wa mwisho?

Mleta uzi:

La kwanza nililikosea vibaya mwaka wangu wa kwanza kazini. Niliingia darasani nikasema, "Mwenye tatizo lolote la kiafya au ulemavu anyooshe mkono." Hakuna aliyenyoosha, nami nikahitimisha kwamba hakuna mwenye shida. Nani angejianika mbele ya watu mia moja ambao hata majina yao hayajui? Sasa, wiki ya kwanza, nagawa karatasi ndogo kwa kila mtu, yenye swali moja: kuna jambo gani ambalo nikilijua litakusaidia kujifunza vizuri zaidi somo hili? Kila mmoja lazima arudishe karatasi, hata kama ameandika "hakuna", ili aliyeandika asitambulike kwa kuandika. Kwa njia hiyo nimejua mama anayenyonyesha ambaye kipindi cha saa kumi na moja jioni kinamtesa, kijana ambaye hasikii sikio la kushoto, na mwingine mwenye kigugumizi aliyekuwa akikosa makusudi siku za kuwasilisha. Huyo wa mwisho tulikubaliana awasilishe ofisini mbele yangu na wenzake wanne wa kikundi chake. Aliwasilisha kwa dakika kumi na tano badala ya kumi, na takwimu zake zilikuwa safi.

Kuhusu mitihani, muda wa ziada, chumba tulivu au karatasi ya maandishi makubwa ni mambo ya kuombwa mapema kwa ofisi ya mitihani, kwa maandishi, na mwalimu wa somo ndiye anayepaswa kuyakumbusha kwa sababu mwanachuo mara nyingi hajui aanzie wapi. Ndani ya mamlaka yetu kuna zile alama 40 za kazi za darasani. Hapo ninatoa uchaguzi: uchambuzi uleule wa data unaweza kuja kama ripoti, kama wasilisho, au kama rekodi ya sauti yenye majedwali, na vigezo vya kusahihisha ni vilevile vitatu kwa wote. Katika maswali yenyewe nimeacha kutumia Kiingereza cha kuzunguka. Swali la takwimu lipime takwimu, na sentensi yenye vishazi vitatu ndani yake inapima kitu kingine.

Hadi sasa nimeyaandika upya madesa ya sura sita kati ya tisa. Sura ya saba imenikwamisha kwenye majedwali: nikiunganisha seli mbili juu ya safu, NVDA huvuruga mpangilio na msikilizaji hajui namba ipi ni ya safu ipi. Nimeanza kuyavunja majedwali makubwa kuwa madogo mawili mawili, kila safu na kichwa chake, lakini jedwali la usambazaji wa kawaida, lile lenye safu nyingi za namba ambalo hutumika kutafuta uwezekano, halivunjiki kirahisi. Kama kuna mtu humu aliyewahi kumfundisha asiyeona kulitumia jedwali hilo, naomba aeleze alifanyaje, kwa sababu tutalifikia wiki ya kumi.